Kaburi Lililofika Kiunoni

Vijana walitoka kaburini Alhamisi jioni, shimo likiwa limewafika kiunoni. Waliketi juu ya udongo walioutoa wenyewe, mmoja akafungulia muziki kwenye simu. Hakuna aliyepandisha sauti, na ndiyo maana watu wa boma walichelewa kuelewa kwamba wachimbaji walikuwa wamegoma.

Kaburi lilikuwa la mama yake profesa ninayemsaidia. Profesa anafundisha historia ya fikra za uchumi, na tangu mimi niko shule ya msingi amekuwa akiandika juu ya jambo moja tu: jinsi dola ya Waingereza ilivyowageuza watu wa huku kwetu kuwa vibarua. Kwao ni Suna, Migori, lakini anaishi Homa Bay, na mimi ni mzaliwa wa Homa Bay. Tangu nimalize shahada ya pili nimekuwa nikienda nyumbani kwake karibu kila siku kumtafutia nyaraka, kumwandikia mahojiano, kumsomea sura za kitabu chake na kubishana naye. Hanilipi. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo. Yeye hunikaribisha, nami huenda.

Kitabu anachokimalizia kina sura moja inayozibeba nyingine zote. Anasema kwamba kabla ya kodi ya kibanda, mtu wa hapa hakuuza mikono yake. Mwenye shamba aliwaita majirani, wakaja, wakalima, wakala, wakarudi kwao. Siku nyingine aliitwa yeye. Kwa Kijaluo kazi hiyo ya kuitana huitwa saga. Mshahara ulikuja baadaye, ukiletwa na askari wa chifu. Kisha wasomi wa dola wakaketi kwenye ofisi zao na kuandika kwamba Mwafrika ana kiasi anachokitafuta, na akikipata huacha kazi na kwenda zake, kwa hiyo ukimwongezea mshahara umemfukuza mapema zaidi. Profesa amewabomoa wasomi hao mmoja baada ya mwingine, kwa uvumilivu ambao mimi sina.

Sikuwa na shida na kubomolewa kwao. Shida yangu ilikuwa saga yenyewe. Nani alipika? Mjane mwenye kuku wawili aliitikiwa na watu wangapi, na mwenye zizi lililojaa ng'ombe wangapi? Na yule aliyeitwa akakataa, alitembeaje kijijini siku iliyofuata? Niliyaandika maswali hayo pembeni mwa sura. Alinijibu kwa kalamu nyekundu: haya ni maswali ya mtoto wa mjini.

Mama yake alipofariki, baada ya kuugua kwa muda mrefu nyumbani kwa profesa mwenyewe, bintiye, Homa Bay, mwili uliwekwa mochari huko huko. Mimi nilitangulizwa Suna na gari lililobeba viti na sufuria. Ndivyo nilivyokuwepo.

Kuna mambo mawili lazima yajulikane kabla sijaendelea. La kwanza, pale bomani kaburi huchimbwa na vijana wa kijiji chenyewe, na hawalipwi. Wanapewa chai, wanachinjiwa, wanasifiwa. Wakwe hawaruhusiwi kushika jembe, wageni kama mimi pia. Na kaburi likishaanzwa haliachwi. Halihamishwi, halifukiwi tupu, wala halilali wazi bila mtu kando yake. La pili, familia ni ya Wasabato. Mazishi yalikuwa Ijumaa, na yalipaswa kwisha kabla ya jua kutua, kwa sababu jua likitua Sabato imeingia. Wakichelewa, mama angerudishwa mochari Homa Bay kusubiri Jumapili, na shimo lake lingebaki limefunguka mdomo mbele ya nyumba yake. Sikumkuta mtu hata mmoja bomani aliyeweza kulitamka jambo hilo mpaka mwisho wa sentensi.

Kazi ilianza vizuri. Vijana wale wengi wao ni wachimbaji wa dhahabu, wanaoshuka kwenye mashimo ya watu binafsi huko kusini mwa kaunti, na walikuwa wakiikata ardhi ngumu ya Suna kama watu wanaokata mkate. Waliimba, wakamtania aliyekuwa mnene kati yao kwamba kaburi litapanuliwa kwa ajili yake. Halafu pikapu ya mafundi ikaingia.

Mafundi walitoka Homa Bay. Waliletwa na kaka mkubwa wa profesa, mtoto wa kiume wa pekee wa yule mama, ambaye alitaka kuta za kaburi zijengwe kwa simiti na kupigwa taili nyeupe ndani. Walishusha mifuko, wakapanga taili kwenye kivuli cha nyumba, kisha mmoja wao, mtu mcheshi mwenye kofia ya manjano, akaenda ukingoni mwa shimo na kuchungulia.

"Harakisheni, mabeste," akasema. "Sisi tunalipwa kwa siku, na siku ndiyo hiyo inaenda."

Alikuwa anatania tu. Lakini kijana mrefu aliyekuwa akiongoza uchimbaji alisimamisha sururu hewani.

"Mnalipwa?"

"Sasa tungetoka Homa Bay kuja kuota jua?"

Yule mrefu aliishusha sururu taratibu, akaiegemeza ukutani mwa shimo, akapanda juu. Wengine wakamfuata bila kuuliza.

Kaka yake profesa alikuja baada ya muda, akifuta mikono kwa leso. Ni mtu mzito, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, na amezoea kuongea na watu wakiwa wamesimama.

"Vijana, chai haijaletwa?"

"Imeletwa, Mzee. Tumekunywa," yule mrefu akajibu.

"Na mandazi?"

"Mandazi pia. Asante sana."

"Ng'ombe mmemwona?"

"Tumemwona amefungwa pale. Ni mkubwa."

"Sasa?"

"Sasa tunapumzika."

"Mpaka lini?"

Kijana akawatazama mafundi waliokuwa wamejilaza kwenye pikapu. "Hata wale wamepumzika, Mzee. Wao hujawauliza."

Profesa alikuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wanawake, amejifunga leso kichwani, miguu ameinyoosha. Sikuwahi kumwona ameketi chini kabla ya siku hiyo. Kaka yake alikuja akainama karibu naye, nami nilikuwa nyuma yake nikimshikia simu.

"Wanataka kulipwa," akasema kwa sauti ya chini. "Siwalipi. Nikiwalipa leo wataishia baa za senta, na kesho humwoni hata mmoja. Kijana wa siku hizi akishika hela kidogo, kazi imeisha. Ukimwongezea ndiyo umemharibu kabisa."

"Rudia," profesa akasema.

"Nirudie nini?"

"Hivyo ulivyosema."

Akarudia, neno kwa neno. Profesa akageuza uso akanitazama. Sote wawili tulikuwa tumeishi na sentensi hiyo kwa miaka, ikiwa imeandikwa na watu wenye kola ngumu waliokufa zamani, na sasa ilikuwa imetoka kinywani mwa ndugu yake, karibu na kaburi la mama yao.

"Prof, hiyo ni sura ya pili," nikasema.

"Nyamaza."

Akataka kuinuka aende kwa vijana. Kaka yake akamwekea mkono begani, si kwa nguvu. "Wewe ni migogo hapa," akamwambia. Migogo ni binti wa boma aliyeolewa kwingine. Hulia, hulisha wageni, huheshimiwa, lakini mambo ya ardhi na kaburi si yake. "Keti na akina mama. Usinitie aibu leo."

Nimemwona mwanamke huyo akimnyamazisha mkuu wa chuo. Aliketi. Kisha, akiwa bado ametazama mbele, akaniambia, "Nenda uwaulize wanataka nini. Usiwape jibu lolote."

Nikaenda. Walinipisha nafasi kwenye udongo.

"Katibu wa Prof amekuja," yule mrefu akasema. "Fungua mkutano, buda."

"Mnataka nini?"

"Unajua tunachotaka. Tulimsikia huyo shangazi redioni Jumapili ile. Alisema mababu zetu hawakufanya kazi mpaka waitwe vizuri. Aliongea poa sana. Hata mama yangu alipiga makofi."

"Na nyinyi hamkuitwa vizuri?"

"Tuliitwa. Na wale walilipwa. Kwa shimo moja." Alichukua donge la udongo akalivunja kati ya vidole. "Mzee angetuita sisi pekee, tungechimba tukaimba mpaka asubuhi. Angewaita mafundi pekee, tungekuja tukala wali tukaenda. Lakini amechanganya."

"Huu ni msiba. Si mgodi wa dhahabu."

"Hata udongo haujui hiyo tofauti. Sikiliza, nikufunze. Huko kwetu mgodini mtu hashuki shimo kabla watu hawajasemezana. Wa kushuka anasema chake, wa kuvuta kamba anasema chake, mwenye shimo anasema chake. Likisemwa, limesemwa. Lisilosemwa, halipo. Ndiyo maana hatupigani."

"Mnapigana kila siku," nikasema, na wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Yule mnene alikuwa hajacheka. "Mimi ningemaliza tu," akasema. "Huyu nyanya alinilea kwa uji wakati mamangu yuko Nairobi."

"Shuka basi. Nani amekushika?"

Mnene akalitazama shimo. Hakushuka.

"Na wewe," yule mrefu akanigeukia, "anakulipa ngapi?"

"Mimi ni mwanafunzi wake."

"Ulimaliza lini?"

Nilianza kuhesabu miaka, na hilo lilitosha.

"Aah," akasema, akiwageukia wenzake. "Kumbe huyu ni saga."

Walicheka mpaka wanawake wakageuka kututazama. Nilicheka nao. Niliporudi kwa profesa nilimweleza yote isipokuwa hilo la mwisho.

Usiku ule waligoma bila kuondoka. Walilala pale pale kando ya shimo na mablanketi yao, wakipokezana kukesha, ili kaburi la yule mama lisibaki peke yake. Nilijaribu kulitia jambo hilo katika nadharia yoyote ninayoijua na halikuingia. Kama walikuwa wafanyakazi waliogoma, walilinda nini? Na kama walikuwa wajukuu wanaomlinda nyanya yao, mbona hawachimbi?

Asubuhi ya Ijumaa simu ilipigwa kutoka Homa Bay: gari la maiti limeondoka. Kaka yake profesa alikuwa ametuma watu kijiji cha jirani kuleta wachimbaji wengine. Walikuja na majembe mabegani, wakafika ukingoni, wakaona waliolala pale, wakasalimiana nao kwa mikono miwili, wakarudi kwao. Hakuna anayeshika shimo la wenzake. Fundi mkuu alikuwa akilalamika kwamba simiti inataka muda ikauke na kwamba yeye si mchawi. Mchungaji alipiga simu kuuliza kama ratiba iko vile vile, na kaka akamwambia iko vile vile, huku akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechimba nusu nikaacha.

Ndipo profesa alipoinuka kwenye mkeka. Hakumtazama kaka yake. Alitembea mpaka ukingoni mwa kaburi, leso ikiwa imemlegea kichwani, na vijana wakasimama.

"Waya, habari ya asubuhi," yule mrefu akasema. Waya ni shangazi, dada ya baba. Ndivyo walivyomwita wote tangu afike.

"Si nzuri. Mnataka nini?"

"Tunataka kile tulichoona wengine wakipewa."

Profesa akageuka kwa fundi mkuu, akamuuliza wao wamepatana vipi. Fundi alitaja kiasi chao akitazama chini, kama aliyeulizwa umri wa mkewe hadharani.

"Basi na nyinyi hivyo hivyo," akawaambia vijana. "Kila mmoja sawa na fundi. Kuchimba mpaka kina, kabla gari la mama halijaingia langoni. Nitatoa mimi. Tumesemezana?"

Yule mrefu aliwatazama wenzake. "Kuchimba mpaka kina."

"Ndiyo."

"Tumesemezana, Prof."

Nililisikia neno hilo la mwisho, Prof badala ya Waya. Sijui kama yeye alilisikia.

Dada mdogo wa marehemu, bibi mwenye macho mabovu, alikuwa amesogea karibu akiongozwa na mkono wa mtu. Akauliza nini kimesemwa, akaambiwa. Akajifunika uso kwa kanga na kusema kwa Kijaluo kwamba dada yake amenunuliwa shimo kama anayenunuliwa gunia la mahindi. Kaka yake profesa aligeuka akaenda nyuma ya nyumba.

Walichimba vizuri kuliko siku ya kwanza. Hilo lazima niliseme kwa sababu ni kweli na kwa sababu lingemuudhi kaka. Hawakuondoka kwenda senta, hawakupunguza mwendo. Lakini hawakuimba. Kuta zilishuka zimenyooka kama zimekatwa kwa uzi, na kina kilipofika yule mrefu akamwita profesa aje aone, akaona, akatikisa kichwa kukubali. Mafundi wakashuka na simiti yao. Vijana walienda kisimani wakaoga, wakavaa mashati safi, wakaketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema pamoja na wageni. Nakumbuka nilijisikia mshindi. Nilifikiri: hakuna aliyekufa kwa sababu mkataba umesemwa kwa sauti. Nilianza hata kuitunga aya nitakayompelekea.

Gari la maiti lilichelewa Rongo kwa sababu ya tairi, na lilipoingia saa zilikuwa zimekwenda. Kisha zikaja hotuba. Kila mtu aliyewahi kula kwa yule mama alitaka kusema, na mwakilishi wa mwanasiasa fulani alisema kuhusu barabara. Mchungaji alifupisha mahubiri yake mpaka yakabaki kama tangazo. Tulipofika kaburini kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshalifunika shimo lote na kinaendelea.

Jeneza liliteremshwa. Mchungaji akatupa konzi ya udongo, familia ikafuata, wanawake wakaanza wimbo. Ni wimbo ule ambao watu huuimba huku vijana wakifukia, na unakwenda kwa mwendo wa sepetu. Ubeti wa kwanza ukaisha. Ukaanza wa pili. Masepetu yalikuwa yamelala juu ya lundo la udongo na hakuna mkono ulioyafikia.

Watu wakaanza kugeuza shingo. Vijana walikuwa wamesimama nyuma ya hema, mikono wameiweka mbele kwa adabu.

"Vijana," kaka yake profesa akaita.

Hawakusogea.

"Vijana, mnangoja nini?"

"Mzee," yule mrefu akasema, na hakukuwa na kejeli sautini mwake, hata naweza kusema alikuwa na haya, "tulisemezana kuchimba."

Wimbo ukapoteza watu wa nyuma, kisha wa katikati. Mchungaji aliinua mkono akatazama saa, akautazama upande wa magharibi. Kaka alifungua mdomo. Kwa namna alivyovuta pumzi nilijua anataka kusema jambo ambalo lingeligawa boma lile kwa muda mrefu.

Nilimtazama profesa. Kitabuni mwake ana kurasa nyingi kuhusu vibarua wa mashamba ya walowezi, ambao walifanya kile tu kilichosemwa siku ya kuandikwa kazi na hawakuongeza hata chembe. Anawasifu. Anasema hiyo ilikuwa akili, si uvivu; kwamba mtu aliyeshurutishwa kuingia kwenye mkataba hujifunza kuishi ndani ya mipaka yake, na kuitumia. Ni kurasa nzuri kuliko zote. Sasa alikuwa amesimama mbele ya jeneza la mama yake, kurasa hizo zimesimama nyuma ya hema zikiwa na mashati safi, na yeye ndiye aliyesahau kusema kufukia.

Hakuwaangalia vijana. Aliniangalia mimi.

"Njoo," akasema.

Mimi nilikuwa mgeni. Nilishaambiwa mgeni hashiki jembe. Ningependa kuandika kwamba katika nukta ile nilijiuliza kama ninaitwa au ninaamrishwa, lakini sikujiuliza. Niliwazia viatu vyangu, kwamba ni vya kuazima, kisha nikajikuta nimeshika sepetu. Yeye alivua viatu vyake, akakunja gauni, akachukua jembe. Wanawake waliguna kwa pamoja. Binti wa boma, aliyeolewa kwingine, akimfukia mama yake kwa mikono yake mbele ya wanaume wa ukoo.

Udongo wa kwanza uliangukia mbao, na wengi wakafumba macho. Wa pili. Wa tatu. Yule fundi mcheshi mwenye kofia ya manjano alitoka kwenye pikapu, akavua kofia, akachukua sepetu nyingine bila kumwuliza mtu. Tulikuwa watatu na lundo lilikuwa kubwa. Nilirusha kadiri nilivyoweza na shimo halikuonyesha dalili ya kujua. Jua lilikuwa limefika kwenye mabati ya zizi. Nilisikia profesa akipumua kwa mdomo.

Kisha mkono ukashika mpini wa sepetu yangu, juu kidogo ya mkono wangu.

"Lete hiyo, katibu," yule mrefu akasema. "Unarusha udongo kama unapepeta wimbi."

Sikuiachia. "Mmelipwa kuchimba."

"Na wewe umelipwa kufanya nini?"

Akaivuta, nami nikaachia. Wenzake wakaja nyuma yake, yule mnene mbele yao wote, tayari anatokwa na machozi. Alipompita profesa, yule mrefu alisema, "Waya, keti sasa. Tumefika."

Hakuketi. Aliendelea kuvuta udongo kwa jembe katikati yao, miguu peku, na hakuna aliyethubutu kumgusa, hata kaka yake, ambaye mwishoni alivua koti na yeye. Wimbo ukarudi. Wakafukia kwa mwendo wake, na tuta likainuka, na mchungaji akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye mazishi. Alipomaliza, jua lilikuwa bado lina upana wa kidole juu ya zizi. Sabato ikaingia na mama akiwa ardhini.

Wakati wa chakula nilimfuata yule mrefu. Sahani yake ilikuwa imejaa, na hakuwa mtu wa kuongea tena.

"Kwa nini ulikuja kufukia?"

"Si kazi iliisha? Kula."

"Nataka kujua tu."

Alitafuna kwanza. "Mamangu aliniangalia."

"Basi?"

"Wewe hujawahi kuangaliwa na mamako mbele ya watu?" Akaelekeza kidole gumba upande wa waimbaji, ambako mwanamke mfupi alikuwa akigawa ugali. "Ningebaki nimesimama pale, ningelala wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba hilo ndilo swali langu, lile la pembeni mwa sura. Lakini alikuwa amechoka na mimi nilikuwa nimechoka, na sikujua kama jibu lake limenisaidia mimi au profesa. Aliitwa na nani? Angeweza kukataa? Na fundi mwenye kofia ya manjano, ambaye hakuwa na mama pale wa kumwangalia, yeye aliinuliwa na nini? Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Nilimtafuta nimuulize nikaambiwa amelala ndani ya pikapu.

Jumapili mafundi walimimina simiti juu ya tuta, na mchana profesa akaniambia tuondoke. Aliendesha yeye. Mikono yake ilikuwa na malengelenge, kila kiganja, na alishika usukani kwa vidole. Tulikuwa tumeshaipita Rongo aliponisemesha.

"Yale maswali yako ya pembeni," akasema, "bado unayo?"

"Ulisema ni ya mtoto wa mjini."

"Najua nilichosema. Bado unayo?"

"Ninayo."

"Yaingize kwenye sura. Ndani, si pembeni. Na lile la Ijumaa uliandike, vile ulivyoliona. Usinipambe."

"Na hoja yako itabaki na nini?"

"Tutaona." Alikunja uso akibadilisha gia. "Sikukosea kuhusu kiboko cha askari wa chifu. Hilo lisiguswe."

"Silo ninalobishia."

"Basi kesho njoo mapema. Tuianze upya tangu mwanzo."

Ni maneno ambayo huniambia karibu kila jioni, na kila jioni huwa najibu sawa Prof. Nilifungua mdomo kusema hivyo. Barabarani mbele yetu kulikuwa na trekta la miwa linalotambaa, na nikalitazama muda mrefu kuliko lilivyostahili.

"Kabla ya kesho," nikasema, "ningependa tusemezane."

Nilianza kutafuta njia ya kuyarudisha maneno hayo, kusema natania, kusema ni mambo ya wale vijana. Aliwasha taa ya kushoto, akaegesha kando ya barabara karibu na kibanda cha mihogo, akazima injini. Trekta likatokomea. Alifungua viganja vyake juu ya mapaja, akayatazama malengelenge, kisha akanigeukia na uso ule ule anaokuwa nao yeye darasani mwanafunzi anapoinua mkono.

"Haya," akasema. "Sema chako."

Nilikuwa nimeuliza maswali ya kila mtu. Changu nilikuwa sijakitayarisha.